JOCK STEIN: MCHIMBA MAKAA ALIYEVUKA MSTARI

Msomaji mpenzi, kabla sijaanza kukusimulia maisha ya bwana huyu, naomba nikueleze kwanza jinsi nilivyokutana naye, kwa maana alifariki zamani kabla mimi sijazaliwa, tena katika nchi ambayo sijaiona ila kwenye ramani ya somo la Jiografia.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Asubuhi naja shuleni kwa miguu, jioni narudi mtaani, na kabla giza halijaingia huwa niko uwanjani nikicheza kandanda. Nacheza beki wa kushoto. Mwaka jana, muhula wa pili, timu moja ya ng'ambo ya reli ilinitaka nikaichezee. Timu hiyo ina mkufunzi wa kweli na ina mazoezi ya kweli, lakini wachezaji wake karibu wote ni wa kabila lingine, si letu. Vijana wa mtaani kwetu walipopata habari walinivamia kama nyuki. Ati nikivuka reli nisirudi tena. Rafiki yangu wa tangu nasari, ambaye ndiye aliyekuwa winga wetu wa kushoto, aliacha kunipitia asubuhi. Nikakaa wiki nzima sijui niseme ndiyo au la.

Mjomba wangu alinisikia nikimlalamikia mama jikoni. Hakunipa shauri lolote. Aliingia chumbani mwake akatoka na kitabu kikuukuu kisicho na jalada, cha maisha ya wanakandanda wa zamani. Akakifungua katikati, akanikabidhi, akaenda zake. Hapo ndipo nilipomkuta Jock Stein.

Jina lake hasa lilikuwa John, lakini Waskoti wana desturi ya kumwita John kwa jina la Jock. Alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1922 katika kitongoji cha Burnbank, mjini Hamilton, karibu na jiji la Glasgow. Sehemu hiyo ya Uskoti ilikuwa nchi ya makaa ya mawe. Mtoto wa kiume alizaliwa, akasoma kidogo, kisha akamfuata baba yake shimoni. Stein aliacha shule mwaka 1937, akiwa mdogo kuliko mimi ninayeandika haya. Alifanya kazi kwa muda mfupi katika kiwanda cha mazulia, halafu naye akateremka chini ya ardhi.

Hebu fikiri, msomaji. Shimoni ni giza totoro. Paa likibomoka, mwenzako aliye kando yako ndiye atakayekuvuta, au hapana wa kukuvuta. Nyuso zote zimepakwa vumbi jeusi, huwezi kumjua fulani ni nani. Nadhani huko ndiko Stein alikojifunza somo lililomfaa maisha yake yote: mtu hupimwa kwa kazi yake na kwa jinsi anavyomtegemeza mwenziwe.

Huko juu, kwenye mwanga wa jua, watu walipimana kwa njia nyingine. Jiji la Glasgow lina timu mbili kubwa. Celtic ilianzishwa mwaka 1887 na bradha Mkatoliki aliyeitwa Walfrid, ili zipatikane fedha za kuwalisha maskini wa mashariki ya jiji, wengi wao wakiwa Waayalandi waliohamia huko. Rangers nayo ikawa timu ya Waprotestanti. Hapa kwetu tunajua jinsi Gor Mahia na AFC Leopards zilivyopata mizizi yake katika jamii mbili, lakini mashabiki wake huitana mashemeji. Kule Glasgow mambo hayakuwa ya ushemeji. Dini yako iliweza kuamua utacheza wapi, utaajiriwa wapi, hata utaoa wapi. Kwa miaka mingi Rangers haikuwa ikisajili Mkatoliki anayejulikana, mpaka mwaka 1989 ilipomchukua Maurice Johnston na watu wakashikwa na butwaa.

Jock Stein alizaliwa katika nyumba ya Kiprotestanti. Baba yake alikuwa shabiki wa Rangers. Liweke jambo hilo akilini.

Mwaka 1942 alianza kuichezea Albion Rovers, timu ndogo ya mji wa Coatbridge. Alikuwa mlinzi wa kati. Siku za kazi alichimba makaa, Jumamosi alicheza mpira. Maisha hayo yaliendelea kwa miaka minane. Si kwamba alikuwa nyota wa kushangaza. Alikuwa mtu wa nguvu, mwenye akili uwanjani, basi.

Mwaka 1950 alihamia Wales kuichezea timu ya Llanelli, na kwa mara ya kwanza mpira ukawa ndio kazi yake ya pekee. Kumbe alikuwa ameruka majivu akakanyaga moto! Llanelli ilikosa nafasi katika ligi kuu za Uingereza, na fedha zikawa haba. Nyumba yake kule Hamilton ilivunjwa na wezi mara mbili. Mkewe, Jean, alitaka warudi nyumbani. Stein alikuwa karibu miaka 29, umri ambao wachezaji wengi huanza kuhesabu siku zilizobaki. Aliamua kurudi shimoni, na mpira uishie hapo.

Lakini Mungu si Athumani. Celtic ilikuwa ikitafuta mchezaji mzee kidogo wa kuwaongoza vijana wa timu ya akiba. Jimmy Gribben, aliyewafunza vijana hao, alimkumbuka yule beki wa zamani wa Albion Rovers. Desemba 1951 Celtic ikamnunua kwa pauni 1,200. Yaani hakuletwa awe shujaa, aliletwa awe mlezi tu wa wadogo.

Na hapa ndipo alipovuka mstari. Mprotestanti, mtoto wa shabiki wa Rangers, akavaa jezi ya Celtic yenye mistari ya kijani na nyeupe. Baadhi ya marafiki zake wa Burnbank waliacha kusema naye. Wengine, inasemekana, hawakusema naye tena maishani. Nilipofika ukurasa huo nilikifunga kitabu kwa muda.

Baadaye nikaendelea. Mabeki wa timu ya kwanza waliumia, Stein akaitwa kujaza pengo, na hakutoka tena. Nahodha wakati huo alikuwa Sean Fallon, Mkatoliki kutoka Ayalandi. Huyo Fallon ndiye aliyemchagua Stein kuwa naibu wake. Fallon alipovunjika mkono, Stein akawa nahodha. Mwaka 1953 Celtic ilishinda Kombe la Kutawazwa kwa Malkia, ikizipiga Arsenal, Manchester United na Hibernian. Msimu uliofuata ikatwaa ligi na Kombe la Uskoti kwa pamoja, jambo ambalo haikuwa imelifanya tangu mwaka 1914.

Mwaka 1954 klabu iliwapeleka wachezaji wake Uswisi kutazama Kombe la Dunia. Huko waliona Uskoti ikikung'utwa mabao 7-0 na Uruguay, tena wakawaona Wahungari wakicheza kandanda ya ajabu. Wengine walitazama wakastarehe. Stein alitazama akajifunza.

Agosti 1955 aliumia kifundo cha mguu katika mechi dhidi ya Rangers. Jeraha halikupona sawasawa, na mwaka 1957 akalazimika kustaafu. Alichechemea kidogo siku zake zote. Lakini wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Celtic ilimpa timu ya vijana aifunze. Miongoni mwao alikuwamo kijana mrefu aliyeitwa Billy McNeill. Likumbuke jina hilo pia.

Machi 1960 Stein alikwenda Dunfermline Athletic kuwa meneja. Kazi gani hiyo! Timu ilikuwa ikichungulia kaburi la kushushwa daraja. Mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya Celtic yenyewe, akashinda, na akashinda zote sita za mwanzo. Timu ikapona. Mwaka 1961 Dunfermline ilitwaa Kombe la Uskoti kwa mara ya kwanza. Waliofungwa katika fainali, 2-0 baada ya mechi kurudiwa, walikuwa Celtic. Mwaka 1964 akahamia Hibernian ya Edinburgh, na huko akaipiga Real Madrid 2-0 katika mechi ya kirafiki.

Celtic nayo ilikuwa hoi. Tangu mwaka 1957 haikuwa imepata kombe kubwa hata moja. Meneja wake wote watatu waliotangulia walikuwa Wakatoliki. Machi 1965 klabu ikamrudisha Stein, naye akawa meneja wa nne na Mprotestanti wa kwanza. Msaidizi wake alikuwa nani? Sean Fallon, yule yule Mwayalandi aliyemchagua kuwa naibu nahodha. Wiki chache tu baadaye, Billy McNeill aliruka juu akapiga kichwa, Celtic ikaishinda Dunfermline 3-2, na Kombe la Uskoti likarudi.

Stein alifanya nini ambacho wengine hawakufanya? Kwanza, alivaa nguo za mazoezi akaingia uwanjani na wachezaji. Zamani hizo meneja wengi walikaa ofisini na tai shingoni, na wachezaji walizungushwa kiwanja kama punda wa kinu bila hata kuuona mpira. Stein aliuleta mpira katika kila zoezi. Pili, aliwajua watu wake mmoja mmoja. Winga wake, Jimmy Johnstone, alikuwa mfupi, hodari wa chenga, na mwoga kupindukia wa ndege. Mwaka 1968 Celtic ilipangwa kucheza na Red Star ya Belgrade. Stein alimwahidi kwamba wakishinda nyumbani kwa mabao mengi, hatapanda ndege kwenda mechi ya marudiano. Jamaa alicheza kama aliyepagawa! Celtic ikashinda 5-1, Johnstone mwenyewe akifunga mawili, na ndege ikaondoka bila yeye.

Tatu, hakuuliza mtu anasali wapi. Ni haki kusema kwamba Celtic ilikuwa na wachezaji Waprotestanti hata kabla yake. Lakini inasimuliwa kuwa Stein alikuwa na hesabu yake mwenyewe: akiwaona vijana wawili wa kiwango kimoja, Mprotestanti na Mkatoliki, alimwahi Mprotestanti kwanza, kwani alijua yule Mkatoliki Rangers hawatamgusa, atamkuta tu. Nilicheka niliposoma hayo. Ubaguzi wa wenzake aliugeuza mtaji wake.

Msimu wa 1966 hadi 1967, Celtic ilishinda kila mashindano iliyoingia: ligi, Kombe la Uskoti, Kombe la Ligi, Kombe la Glasgow, na kubwa kuliko yote, Kombe la Ulaya. Fainali ilichezwa Lisbon, Ureno, tarehe 25 Mei 1967, dhidi ya Inter Milan. Waitaliano hao walikuwa wametwaa kombe hilo mwaka 1964 na 1965. Mkufunzi wao, Helenio Herrera, alikuwa bingwa wa kujenga ukuta: ukimfunga anakushangaa, akikufunga yeye, umekwisha.

Timu ya Stein ilikuwa ya vijana wa nyumbani. Wote kumi na mmoja walizaliwa kilomita 50 hivi au chini ya hapo kutoka uwanja wa Celtic. Wakatoliki walikuwamo, na Waprotestanti walikuwamo. Kipa, Ronnie Simpson, alikuwa na umri wa miaka 36. Baadhi yao hawakuwa hata na meno ya mbele. Waliyavua yale ya bandia wakayaweka katika kofia ya kipa langoni, ili mechi ikiisha wayavae wapigwe picha wakiwa wazuri.

Inter walipata penalti mapema, Mazzola akafunga. Kisha wakarudi nyuma kulinda, kama kawaida yao. Celtic hawakuhangaika. Waliendelea kushambulia, wimbi baada ya wimbi, mabeki wakipanda kama mawinga. Dakika ya 63 Tommy Gemmell, beki wa kushoto kama mimi, aliachilia kombora kutoka mbali, wavu ukatikisika. Zikisalia dakika chache, Stevie Chalmers akaongeza la pili. Mabao 2-1! Celtic ikawa timu ya kwanza ya Uingereza yote kutwaa Kombe la Ulaya. Nahodha aliyelipokea alikuwa Billy McNeill. Na Gemmell, aliyefunga lile bao la kusawazisha, alikuwa Mprotestanti. Sidhani kuna Mkatoliki wa Glasgow aliyekataa kulishangilia bao hilo kwa sababu ya dini ya mguu ulioupiga mpira.

Tangu 1966 mpaka 1974 Celtic ilichukua ligi mara tisa mfululizo. Lakini sitaki kumsifu Stein kama malaika. Mwaka 1970 Celtic ilifika tena fainali ya Ulaya, mjini Milan, baada ya kuitoa Leeds United mbele ya watu 136,505 katika uwanja wa Hampden Park. Wengi walidhani kazi imekwisha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Feyenoord ya Uholanzi ilidharauliwa, ikawashinda 2-1 katika muda wa ziada, na lawama nyingi zilimwangukia meneja kwa kutojiandaa ipasavyo.

Tarehe 2 Januari 1971, Celtic na Rangers zilikutana Ibrox, uwanja wa Rangers. Mechi ilipokuwa ikimalizika, mashabiki waliokuwa wakishuka ngazi waliangukiana, na watu 66 wakafa. Stein alishuka kusaidia kubeba majeruhi pamoja na watu wa Rangers. Siku hiyo hakuna aliyekuwa wa kijani wala wa buluu. Na mwaka uliofuata, mjini Stirling, mashabiki wa Celtic walipoanza kuimba nyimbo za chuki, meneja huyo aliacha kiti chake, akaingia katikati yao, akawaamuru wanyamaze. Watu wake mwenyewe! Kumkanya adui ni rahisi. Kumkanya wa kwenu ndiko kazi.

Julai 1975 alinusurika kifo katika ajali mbaya ya gari, na karibu msimu mzima Fallon alishika usukani wa timu. Stein alirudi, akashinda ligi na kombe mwaka 1977, lakini nguvu hazikuwa zile za awali. Mwaka 1978 alimwachia nafasi Billy McNeill, yule kijana wake wa zamani. Alikuwa ameipa Celtic ligi 10, Vikombe vya Uskoti 8, Vikombe vya Ligi 6 na Kombe la Ulaya 1. Baada ya hayo yote, klabu ilimpa kazi ya kusimamia bahati nasibu yake. Hiyo ndiyo shukrani ya punda? Aliondoka, akakaa Leeds United siku 44 tu, kisha akaitwa kuifunza timu ya taifa ya Uskoti. Mwaka 1982 aliipeleka kwenye Kombe la Dunia kule Uhispania, ikatolewa kwa tofauti ya mabao.

Tarehe 10 Septemba 1985 Uskoti ilicheza na Wales mjini Cardiff. Ilihitaji sare tu ili iendelee kutafuta nafasi ya kwenda Mexico. Wales walitangulia kufunga. Dakika zikayoyoma. Zikibaki kama kumi, Davie Cooper, winga wa Rangers, akafunga penalti: 1-1. Kabla firimbi ya mwisho haijalia vizuri, Stein alianguka kando ya uwanja. Moyo wake ulikuwa umechoka. Alibebwa ndani na madaktari wakahangaika naye, lakini alikata roho humo humo uwanjani. Alikuwa na umri wa miaka 62. Msaidizi wake, Alex Ferguson, ndiye aliyeipeleka timu Mexico mwaka 1986. Leo sanamu ya Stein imesimama nje ya uwanja wa Celtic, mikononi akiwa na kombe la Lisbon.

Msomaji, nilipomaliza kusoma nilimrudishia mjomba kitabu chake. Hakuuliza nimeamua nini. Jumamosi iliyofuata nilivuka reli.

Sitakudanganya kwamba mambo yamekuwa matamu. Wiki mbili za kwanza ng'ambo ile nilipewa mpira mara chache kama mgeni anayepimiwa chai. Siku moja mpinzani alinichota miguu, na beki wa kati, ambaye lugha ya kwao siifahamu hata neno, ndiye aliyeniinua na kunifuta matope. Tangu hapo napewa mpira. Lakini rafiki yangu bado hanipitii asubuhi. Stein naye aliwapoteza wengine wasirudi, na kitabu hakikusema kwamba vikombe vyote vile viliziba pengo lao.

Mwezi ujao timu yetu itacheza na timu ya mtaa wangu. Winga wao sasa amehamishiwa kulia, kwa hiyo tutakabiliana ana kwa ana dakika zote 90. Nitamkaba kwa nguvu zangu zote, maana hiyo ndiyo heshima ya mchezaji kwa mchezaji. Refa akipuliza firimbi ya mwisho, nitamfuata nimpe mkono. Akiupokea, nitashukuru. Asipoupokea, Jumatatu nitapitia kwao mimi.